"Mama" wa ukurasa wa 83: niliyojifunza Mahakama Kuu ya Bombay

Kosa langu lilikuwa la neno moja, na nusura liupe upande wa mashtaka shahidi ambaye hakuwahi kuwapo duniani.

Ilikuwa Julai 2016, mvua za Mumbai zimeshika kasi, nami nimekaa kwenye benchi la mbao katika ofisi ya wakili mmoja mkongwe, kichochoro cha nyuma ya Flora Fountain, jalada la kurasa mia nne na ushee likiwa mapajani. Nilikuwa Mtanzania mwanafunzi wa sheria katika mji wa Pune. Baraza la Mawakili la India linamtaka mwanafunzi wa shahada ya miaka mitano afanye mafunzo kwa vitendo yasiyopungua wiki 20, na mimi bahati yangu iliniangukia kwa wakili wa rufaa anayesimama Mahakama Kuu ya Bombay, jina la zamani la Mumbai. Kazi aliyonipa siku ile ilionekana ndogo: soma mwenendo wote wa kesi, tengeneza jedwali la tarehe na matukio, onyesha kila shahidi kasema nini na ukurasa gani.

Ilikuwa kesi ya mauaji, kijijini, mbali na mji. Mkulima alikutwa amekufa kando ya kisima. Jirani yake akashtakiwa, na mahakama ya wilaya inayosikiliza kesi kubwa za jinai, ile wanayoiita Sessions, ikamtia hatiani na kumfunga maisha. Hakuna aliyeona shoka likishuka. Ushahidi wote ulikuwa wa kimazingira: wawili hao walionekana pamoja usiku ule, shoka likapatikana, shati likakutwa na damu. Mjane wa marehemu, shahidi wa pili, alisema usiku ule "Mama" alipita nyumbani akamwambia kwamba amewaona wawili wakielekea kisimani. Hiyo iko ukurasa wa 83. Mbele zaidi, shahidi wa tano, mwanamume wa makamo, akasema aliwaona kwa macho yake. Nikaandika kwenye jedwali: waliomwona marehemu mara ya mwisho akiwa na mshtakiwa ni wawili, mama yake mzazi na shahidi wa tano. Nikapiga mstari chini ya neno "wawili".

Wakili wangu, ambaye ofisi nzima ilimwita Saheb, alilisoma jedwali lile amesimama. Akasita.

"Mama yake marehemu alitoa ushahidi?"

"Hapana, Saheb."

"Basi huyu umemtoa wapi?"

Nikamfungulia ukurasa. Akavua miwani, akaiweka juu ya jalada. "Binti yangu," akasema, "huyo mama ni mwanamume."

Kwa Kimarathi, kama ilivyo kwa Kihindi, mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Mtafsiri aliyeugeuza ushahidi kutoka Kimarathi kwenda Kiingereza aliliacha neno lilivyo, maana kwa msomaji wa pale halina utata wowote. Yule "Mama" na shahidi wa tano walikuwa mtu mmoja. Niliyemdhani shahidi wa pili wa macho alikuwa ni kivuli cha wa kwanza. Na Saheb hakuishia hapo. Akanifungulia maswali ya dodoso ya shahidi wa tano, yaani yale aliyoulizwa na upande wa utetezi, akaniwekea kidole kwenye mistari mitatu niliyoipita haraka kwa sababu ilihusu mpaka wa shamba: mjomba alikubali kwamba yeye na mshtakiwa walikuwa na ugomvi wa ardhi wa muda mrefu. Kwa hiyo habari yote ya "walionekana pamoja" ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja, na mtu huyo ana kinyongo. Jedwali langu lilikuwa limeificha hali hiyo kabisa.

Sikulala vizuri usiku ule. Niliwaza: kama Saheb angelichukua jedwali langu na kuliamini, na majaji nao wakaliamini?

Lililoniponza ni kule kuzoea. Nilipofika India mwaka wa kwanza nilikuwa nafurahi kila nikisikia maneno yetu vinywani mwa watu wa mahakamani. Wakili ni *vakil*. Hukumu ni *hukum*. Tarehe ni *tarikh*, na ukikaa kwenye korido za mahakama yoyote ya Maharashtra, jimbo la Mumbai na Pune, utalisikia neno hilo mara mia kwa siku, kwa sababu ndilo swali la kila mwenye kesi: nimepewa tarikh gani? Sheria kwa Kimarathi ni *kayda*, nasi tuna kaida. Kesi ya madai ni *dava*. Dhamana ni *jamin*, mzizi uleule wa Kiarabu. Vielelezo vinavyokamatwa na polisi vinaitwa *muddemal*, na humo ndani "mali" inasikika wazi. Hata hilo jina Saheb: kwetu sahibu ni rafiki wa karibu, kule ni mkubwa wa kazi. Nilijiona niko nyumbani. Kisha neno la kwanza kabisa nililojifunza maishani likanipotosha.

Undugu huu si wa maneno tu. Mahakama Kuu ya Bombay ilianzishwa mwaka 1862, pamoja na zile za Calcutta na Madras, kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya 1861. Mwishoni mwa karne ya 19, rufaa kutoka mahakama ya Waingereza pale Zanzibar zilikuwa zinavuka bahari kwenda kusikilizwa Bombay. Waingereza walipoichukua Tanganyika, Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ndiyo iliyotumika kwetu mpaka tulipopata yetu mwaka 1930. Sheria yetu ya Mikataba, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, Sheria ya Ushahidi ya 1967, zote zina damu ya India. Mwanafunzi wa Kitanzania akifungua sheria ya ushahidi ya India anajisikia kama mtu anayeangalia picha ya babu yake akiwa kijana.

Ila mjukuu si babu. Tofauti iliyonishtua kuliko zote ni ya ungamo. Kwetu, kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ungamo lililotolewa kwa hiari mbele ya polisi litumike mahakamani. India, kifungu cha 25 cha sheria ile ya 1872 kilikataa moja kwa moja: ungamo kwa polisi halithibitishwi dhidi ya mshtakiwa, hata kama amelitoa kwa hiari. Kilichopita ni kipande tu, chini ya kifungu cha 27 cha kwao: mshtakiwa akiwa mikononi mwa polisi akasema jambo, na jambo hilo likasababisha kitu kugunduliwa, basi ile sehemu inayohusu ugunduzi inapokelewa. (Tangu Julai 1, 2024 India imezibadilisha sheria zake tatu kuu za jinai, majina na namba za vifungu ni vipya, ila kanuni hii imebaki.) Ndiyo maana kesi nyingi za mauaji kule huamuliwa na karatasi moja inayoitwa *panchnama*. Polisi wanapokwenda kufukua shoka au kuchukua shati lenye damu, wanaita raia wawili wa eneo lile, *panch*, washuhudie, waweke sahihi. Raia hao ndio macho ya mahakama. Wakisema kweli, ushahidi unasimama. Wakisema hawakuona, kila kitu kinayumba.

Katika kesi yetu, panch mmoja alikuwa na sentensi moja katika maswali ya dodoso. Niliikariri na bado ninayo: "Ni kweli kwamba nilipofika karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa, nikaambiwa niweke sahihi."

Siku ya kusikilizwa nilivaa suti nyeusi na shati jeupe, nikabeba vitabu vya Saheb, nikaketi safu ya nyuma. Jengo lile ni la mawe, lilikamilika mwaka 1878, na juu yake zimesimama sanamu mbili, ya Haki na ya Huruma. Ndani kuna ngazi za kuzunguka, korido ndefu zenye matao, na mvua ikinyesha unasikia maji yakishuka kwenye mabomba huku mawakili wakikimbia kuangalia *board*, orodha ya kesi za siku, wajue kesi yao imefikiwa au la. Rufaa ya kifungo cha maisha husikilizwa na majaji wawili. Wakigawanyika, jaji wa tatu anaitwa.

Nilitegemea hotuba. Nilikuwa nimekulia kwenye tamthilia, nikadhani wakili wa mauaji hupaza sauti na kuonyesha kidole. Saheb hakutoa hotuba. Alisoma. "Naomba Waheshimiwa mfungue ukurasa wa 112." Kurasa zikageuzwa. Akasoma mistari sita, akanyamaza. "Sasa ukurasa wa 83." Majaji walikuwa wanasoma pamoja naye, na jaji mwandamizi alikuwa na penseli, akiweka alama pembeni. Kwa karibu saa nzima hakuna mtu aliyesema kama mshtakiwa ni mwema au mbaya. Swali lilikuwa ni karatasi hii inasema nini, na ile inasema nini, na je, zinashikana?

Halafu jaji mwandamizi akamgeukia Wakili wa Serikali. "Shati lilikamatwa tarehe gani?" Akajibiwa. "Likapelekwa maabara tarehe gani?" Akajibiwa, zilipita wiki mbili na siku kadhaa. "Katikati hapo lilikuwa wapi, na lilikuwa limefungwa kwa lakiri? Nionyeshe shahidi aliyesema hivyo." Wakili wa Serikali akafungua jalada, akapekua. Alikuwa mama wa makamo, mtu makini, na nilimwona akipekua kwa uaminifu kabisa, ukurasa baada ya ukurasa, kwa dakika ambazo zilionekana ndefu mno. Kisha akainuka akasema, "Haimo kwenye kumbukumbu, Mheshimiwa."

Haimo kwenye kumbukumbu. Huenda lakiri iliwekwa. Huenda yule askari wa ghala alilifunga shati vizuri, akalitunza kama mboni ya jicho. Mahakama Kuu haiwezi kumpigia simu kumuuliza. Upo mlango mwembamba wa kuchukua ushahidi mpya katika rufaa, lakini haufunguliwi ili kuziba mapengo ambayo upande mmoja uliyaacha wazi kwa uzembe. Ripoti ya maabara nayo ilisema damu ni ya binadamu, kundi halikuweza kubainika. Shoka lilitolewa kichakani kando ya njia inayopitwa na kijiji kizima.

Kipimo cha ushahidi wa kimazingira kule kiliwekwa na Mahakama ya Juu katika shauri la Sharad Sarda mwaka 1984, na kila wakili wa jinai anakijua kwa moyo: kila pingili ya mnyororo ithibitishwe yenyewe, na mnyororo mzima usiache maelezo mengine yoyote isipokuwa kwamba mshtakiwa ndiye. Kushuku, hata kushuku sana, hakuwezi kuchukua nafasi ya uthibitisho. Darasani niliandika kanuni hiyo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Siku ile niliiona ikifanya kazi, pingili moja baada ya nyingine ikichukuliwa mkononi, ikivutwa, ikikatika.

Hukumu ilitolewa palepale, jaji akiisema kwa sauti na mwandishi wake akiichapa, mawakili tumekaa kimya. Rufaa imekubaliwa. Mrufani aachiwe, kama hashikiliwi kwa kosa jingine.

Nyuma yetu alikuwapo mzee, kofia nyeupe ya khadi, mfuko wa kitambaa umekumbatiwa kifuani. Kaka yake mfungwa. Alikuwa amekaa tangu asubuhi akiangalia midomo ya watu. Tulipotoka koridoni akamshika Saheb mkono: "*Kay zala?*" Imekuwaje? Kaka mtu alikuwapo chumbani wakati ndugu yake anarudishiwa maisha yake, na hakujua. Katiba ya India, ibara ya 348, inakifanya Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu. Mahakama za chini huendeshwa kwa Kimarathi. "*Sutla*," Saheb akamwambia. Ametoka. Mzee akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya mawe, akafunika uso na kofia yake.

Tanzania tuliibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Nimesikia wenzangu wakilalamika kuhusu istilahi, na wana hoja, kazi ya istilahi haijaisha. Mimi kila nikisikia malalamiko hayo namkumbuka mzee yule.

Kuna watu huniuliza: je, hilo si jaji wa juu kumdharau jaji wa chini aliyewaona mashahidi kwa macho? Swali zuri, na India wanalichukulia kwa uzito. Mtu akiachiwa na mahakama ya chini na serikali ikakata rufaa, Mahakama Kuu huwa nzito mara mbili. Shauri la Chandrappa la 2007 limeweka wazi: Mahakama Kuu ina uwezo wote wa kuupima ushahidi upya, lakini kama kuna njia mbili za kuuelewa zinazokubalika kwa akili, na mahakama ya chini ilishika ile inayomfaa mshtakiwa, usiiguse. Dhana ya kutokuwa na hatia imekuwa na nguvu maradufu. Adhabu ya kifo ni kinyume chake, haiachwi hata kama hakuna aliyekata rufaa. Ni lazima Mahakama Kuu iithibitishe, majaji wasiopungua wawili, na wanaupitia ushahidi wote kama vile hakuna aliyewahi kuupitia. Hata Ajmal Kasab, yule aliyekamatwa hai katika mashambulizi ya Mumbai ya 2008, aliyeonwa na dunia nzima kwenye picha akiwa na bunduki: mahakama ya chini ilimhukumu kifo Mei 2010, na Mahakama Kuu ya Bombay ikaupitia ushahidi wake na kuithibitisha Februari 2011, kabla hata ya kufika Mahakama ya Juu. Alinyongwa gereza la Yerwada, Novemba 2012. Gereza hilo liko Pune. Nilifika mji ule mwaka uliofuata, na kila nilipolipita kwa riksho nilikuwa nawaza kurasa zile zilizosomwa kwa ajili ya mtu ambaye karibu kila mtu alitaka afe.

Nanavati nitamtaja kwa kifupi, maana kila mwanafunzi wa sheria India humtaja. Kamanda wa jeshi la majini aliyempiga risasi mpenzi wa mke wake, Aprili 1959. Juri ya raia ikasema hana hatia, wanane kwa mmoja, na magazeti yalikuwa upande wake. Jaji aliyeongoza kesi alikataa kuukubali uamuzi ule, akaupeleka Mahakama Kuu ya Bombay. Huko majaji wakaupima ushahidi, wakamtia hatiani, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nao mwaka 1961. Watu wengi hulielezea shauri hili kama hadithi ya mapenzi. Mimi nalisoma kama habari ya majaji waliokaa chini na kusoma.

Upande wa madai ndio ulionitesa zaidi, na nauandika kwa uangalifu kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu.

Bibi mmoja mjane aliletwa na mwanawe. Miaka mingi nyuma, mumewe alipougua, walikopa fedha kwa mtu wa kijiji cha jirani, na bibi akaweka dole gumba kwenye karatasi. Yeye alijua ni rehani ya mkopo. Karatasi yenyewe ilisema ameuza shamba. Mahakama ya kwanza ikasema karatasi inajieleza, ameuza. Ya pili ikasema hivyo hivyo. Sasa anataka Mahakama Kuu.

Nilimsikiliza nikachemka. Nikaandaa rasimu ya hoja za rufaa: amedhulumiwa, hajui kusoma, mkopeshaji ni tajiri, mahakama za chini hazikumwamini. Kurasa tatu. Saheb akazisoma zote, kwa heshima, kisha akaniuliza swali moja: "Swali la sheria liko wapi?"

Kwenye madai kipimo ni chepesi kuliko jinai: mizania ya uwezekano, nini kina uelekeo zaidi wa kuwa kweli. Lakini mlango wa rufaa ya pili ni mwembamba mno. Kifungu cha 100 cha sheria ya mwenendo wa madai ya India, tangu kilipobadilishwa mwaka 1976, kinasema Mahakama Kuu haisikilizi rufaa ya pili mpaka iridhike kwamba kuna swali zito la sheria, na ni lazima iliandike swali hilo. Mahakama mbili zikishakubaliana kuhusu ukweli wa jambo, jaji wa Mahakama Kuu hapimi tena nani mkweli. Mtu anaweza kuwa amedhulumiwa wazi na bado jaji akamwambia, kwa sauti ya upole, hakuna swali la sheria hapa. Nimewaona wakiambiwa hivyo. Zinakwenda tano, sita kwa asubuhi moja. Anayefanana na hali hii kwetu ni mwenye shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo akitaka kufika Mahakama ya Rufani: bila cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya kisheria, haingii.

Nikarudi kwenye jalada. Siku nne. Nilikuwa nimejifunza tayari kutopita mistari haraka. Na nikayaona mawili. La kwanza ni karatasi ya kumbukumbu za ardhi ya Maharashtra, inaitwa *saat-bara*, maana yake saba na kumi na mbili, kwa sababu imeunganisha fomu namba 7 ya umiliki na fomu namba 12 ya nani analima nini. Kwenye sehemu ya kilimo, miaka tisa mfululizo baada ya huko "kuuza", jina la mlimaji lilikuwa la bibi. Mtama, vitunguu, mtama. Nani anauza shamba kisha analilima miaka tisa bila kodi? La pili lilikuwa kwenye hukumu ya mahakama ya pili: hakimu alisema hataangalia ushahidi wa mdomo wa bibi na majirani kuhusu mkopo, kwa sababu kifungu cha 92 cha Sheria ya Ushahidi kinakataza maneno ya mdomo kupingana na hati iliyoandikwa.

Hapo ndipo sheria ilipokuwa. Katika shauri la Gangabai la 1982, Mahakama ya Juu ilisema kifungu kile hakimzuii mtu kuthibitisha kwamba hati haikukusudiwa kufanya kazi kabisa, kwamba ilikuwa sura tu na makubaliano ya kweli ni mengine. Kumbe shida haikuwa kwamba mahakama ilimsikia bibi ikaacha kumwamini. Haikumsikia. Ilifunga masikio kwa kudhani sheria imeiamuru.

Niliandika swali lile mara kumi na moja. Toleo la mwisho lilikuwa sentensi moja: je, mahakama ya rufaa ya kwanza ilikosea kisheria kukataa kuupima ushahidi wa mdomo kwamba hati ilikuwa dhamana ya mkopo, kwa msingi wa kifungu cha 92? Hamna neno tajiri humo, wala neno masikini, wala dhuluma. Saheb akalisoma akabadilisha neno moja.

Jaji, mmoja safari hii, alisikiliza dakika zisizofika kumi. Akauliza saat-bara iko ukurasa gani. Akasoma. Akaandika swali letu karibu kama lilivyo, akaipokea rufaa, na akaamuru shamba lisiguswe mpaka rufaa iamuliwe. Mwanawe bibi alifikiri wameshinda. Nikamweleza, kwa Kihindi changu cha kuungaunga, kwamba bado, kilichotokea ni kwamba mama yake atasikilizwa. Akanitafsiria kwa Kimarathi kwa mama yake. Bibi akasema kitu kifupi. Nikamwomba kijana anitafsirie. Alisema: "Hilo tu ndilo nililokuwa nataka tangu mwanzo."

Kuna chumba kingine nilichokipenda, cha maombi ya kufuta mashtaka. Mahakama Kuu ina mamlaka ya asili ya kuzuia matumizi mabaya ya mwenendo wa mahakama, na tangu shauri la Gian Singh la 2012 imekuwa wazi kwamba inaweza kuyatumia hata kwa kesi ambazo sheria hairuhusu wahusika kupatana wenyewe, mradi ugomvi uwe wa kibinafsi kwa asili yake. Mauaji na ubakaji havimo, hata wakipatana. Mume na mke waliachana, mke alikuwa amefungua kesi ya ukatili, sasa wamegawana vitu na wanataka yaishe. Jaji hakusoma karatasi ya mapatano tu. Alimwita mke mbele, akaacha Kiingereza, akamuuliza kwa Kimarathi kama kuna mtu amemlazimisha, kama fedha amezipata mkononi au ameahidiwa, kama anaelewa kwamba kesi hii hairudi tena. Wakili wake alipofungua mdomo kumsaidia kujibu, jaji akainua kiganja: aseme mwenyewe. Mke akajibu, akalia kidogo, akajibu tena. Ndipo mashtaka yakafutwa.

Sasa nafanya kazi Tanga. Wiki iliyopita nilikuwa mahakama ya wilaya, kesi ya wizi wa pikipiki. Shahidi wa mashtaka, kijana wa bodaboda, nikamuuliza kama aliiona namba ya pikipiki kabla ya polisi kumwonyesha au baada. Akasema, "Baada, wakili. Walinionyesha ndiyo nikaijua." Hakimu alikuwa ameinamisha kichwa anaandika kwa mkono, na niliona kalamu ikiishia kwenye neno "baada".

Nikasimama. "Mheshimiwa, kwa ruhusa yako, naomba jibu liandikwe lote kama shahidi alivyolisema."

Akaniangalia. Akamgeukia kijana: "Rudia." Kijana akarudia, polepole, na hakimu akaandika mpaka nukta ya mwisho.

Nikakaa.